Kimeng'enya Hakiozeshi Kaveera

Malalamiko kuhusu mifuko inayouzwa kwa jina la "inaoza yenyewe" yameongezeka, na wengi wanaoileta ipimwe waliinunua kwa nia njema. Kaveera ya kawaida, yaani mfuko mwembamba wa plastiki, ni polithini: mnyororo wa kaboni iliyoshikana na kaboni. Vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali) vinavyosifiwa kwa kuvunja plastiki hukata kiungo cha esta, chenye oksijeni kati ya kaboni, na polithini haina kiungo hicho. Kwa hiyo ule unga wa vimeng'enya unaochanganywa kiwandani ili mfuko "uoze" hauiozeshi. Unachokiona shambani ni kaveera iliyochanika vipande vidogo.

Kazi ya kweli ya vimeng'enya iko kwenye wanga. Muhogo wetu unaweza kuzaa plastiki ya PLA (asidi ya polilaktiki). Koroga uji wa wanga, kilo 30 katika kila kilo 100, pH iwe karibu 6, utie alfa-amilasi, kimeng'enya kinachokata wanga, na upashe hadi nyuzi 90. Ukishalainika, upoze hadi 60, shusha pH hadi 4.5, ndipo utie glukoamilasi, kimeng'enya kinachomalizia kuugeuza kuwa sukari ya glukosi, na kuiacha siku moja hadi mbili. Wengi huharibu hapa: hawasubiri uji upoe. Glukoamilasi hufa kwa dakika chache, ukabaki na dekstrini, yaani wanga uliokatwa nusunusu, badala ya glukosi. Dondoshea iodini sampuli iliyopoa: buluu ni wanga, wekundu wa kahawia ni dekstrini, ikibaki manjano, nenda hatua inayofuata. Bakteria hugeuza sukari hiyo kuwa asidi ya laktiki, inayounganishwa kuwa PLA, kwa kawaida kwa kichocheo cha bati.

Tafadhali, PLA nayo usiitupe Ziwa Victoria ukidhani itayeyuka. Inahitaji mboji yenye joto. Maabara huipima kwenye nyuzi 58, na ili ifaulu: ndani ya siku 180, asilimia 90 ya kaboni yake iwe imegeuka kaboni dioksaidi, na baada ya wiki 12, chekeche la milimita 2 lisibakize zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake.

Sheria ya Mazingira ya Uganda ya 2019 inakataza mifuko ya polithini iliyo chini ya mikroni 30, yaani milimita 0.03. Pima tabaka moja. Mfuko wa mikroni 16 ukipimwa pande zote mbili kwa pamoja husoma 32, na mwenye mzigo hushangaa ukikataliwa. Pima sehemu kadhaa, kwa kuwa unene wa mfuko mmoja haulingani kote. Na anayekuuzia "inayooza" akupe ripoti ya maabara yenye namba ya shehena ileile unayoinunua, si ya sampuli ya mwaka juzi.