Mionzi Huua Uvimbe, Je, Kinga ya Mwili?

Mgonjwa anayeanza tiba ya mionzi hulazwa kwenye meza ngumu, huchorwa alama za wino kwenye ngozi, kisha huombwa asizisugue anapooga. Kwa alama hizo tunampanga palepale kila siku. Mionzi yenyewe haiumi, ni dakika chache tu. Hapo mezani ndipo ninapoulizwa: "Daktari, hii haitanimaliza kinga?"

Ni swali la haki. Limfosaiti, seli nyeupe za damu zinazopambana na saratani, huuawa hata na dozi ndogo ya mionzi. Ndiyo sababu tunahangaika kuibana miale iishie kwenye uvimbe na kuziepuka, kila inapowezekana, tezi za limfu zenye afya (zile zikivimba mnaziita mitoki).

Lakini mionzi huiamsha pia kinga. Ikikata vinasaba vya seli ya saratani, seli hiyo hufa ikimwaga vipande vya protini zake na kemikali za kuashiria hatari. Seli za ulinzi huviokota vipande hivyo, huvipeleka kwenye tezi na kuzionyesha seli T (aina ya limfosaiti) adui wa kuwinda, hata kwenye uvimbe usiopigwa mionzi. Mwaka 1953 R. H. Mole wa Uingereza aliipa jina "abskopali" athari ya mionzi inayojitokeza mbali na ilipopigwa.

Kwa mionzi peke yake hilo ni nadra sana, kwa kuwa saratani huzifunga seli T breki. Mwaka 2012 madaktari wa New York walieleza habari za mwanamke mwenye melanoma (aina ya saratani ya ngozi) aliyekuwa akitumia ipilimumabu, dawa ya kuachia breki hizo. Walipiga mionzi uvimbe wa karibu na uti wa mgongo tu, na ule wa kwenye wengu nao ukanywea. Alikuwa mgonjwa mmoja, tusimfanye kipimo cha wote.

Ushahidi wenye uzito zaidi uko kwenye saratani ya mlango wa kizazi, inayoua wanawake wengi Afrika Mashariki. Januari 2024 Marekani iliidhinisha pembrolizumabu, dawa nyingine ya kuachia breki, itolewe pamoja na mionzi na kemotherapia (dawa za kuua seli za saratani), kwa saratani hiyo ikiwa imefika hatua ya tatu hadi ya nne A. Ni ghali mno. Ukiikosa, tafadhali usiahirishe mionzi ukisubiri michango, kwani mionzi na kemotherapia vinaponya wengi bila hiyo. Ukiipata, kisha ukaanza kuhara au kukohoa hata wiki kadhaa baadaye, rudi hospitali siku hiyohiyo: kinga iliyoachiwa breki huweza kushambulia utumbo na mapafu yako mwenyewe.