Kusawazisha Saa za Kompyuta Si Kuweka Saa

Hapa Malindi, ukimwita fundi kwa sababu kompyuta mbili za dukani zimepishana wakati, atachungulia simu yake, ataandika saa ileile kwenye zote mbili, kisha atakwambia, "Nimeshazisawazisha." Hajasawazisha. Ameweka saa, na kabla ya kesho zitakuwa zimeanza kuachana tena.

Kusawazisha ni kazi ya kudumu ya mfumo endeshi (programu kuu inayoiongoza kompyuta, kama Windows): kuhakikisha saa za kompyuta kadhaa, au za prosesa kadhaa (vipande vinavyofanya hesabu) ndani ya kompyuta moja, zinakubaliana ndani ya tofauti ndogo inayojulikana. Haikomi, kwa kuwa kila saa inaendeshwa na kipande cha fuwele kinachotetema, na hakuna fuwele mbili zinazotetema sawasawa. Hata joto hubadilisha mwendo wake. Fuwele inayokosea sehemu 20 kwa milioni hupotea sekunde 1.7 hivi kwa siku.

Lakini kuchelewa si shida kubwa. Shida ni kipi kilitangulia kipi. Chukua duka la vifaa vya ujenzi lenye faili moja la bei kwenye kompyuta mbili, na programu inayobakiza toleo jipya zaidi. Saa ya kaunta iko nyuma dakika sita. Ofisini wanabadilisha bei ya saruji saa nne kamili asubuhi. Dakika tatu baadaye kaunta wanairekebisha, ila saa yao inasema ni saa nne kasoro dakika tatu. Programu inalitupa badiliko la mwisho kimyakimya, na mteja anauziwa kwa bei iliyokwisha futwa. Ndani ya kompyuta moja nako ni vivyo hivyo: programu ikihamishwa kutoka prosesa moja hadi nyingine ambayo hesabu yake ya wakati iko nyuma, itaona wakati umerudi kinyumenyume.

Ndiyo maana kuirudisha saa nyuma kwa mkono katikati ya kazi ni hatari: dakika zilizokwisha kuandikwa zinaandikwa mara ya pili. Mifumo endeshi ya jamii ya Unix, kama Linux, tofauti ikiwa ndogo, huipunguzia saa mwendo mpaka wakati wa kweli uifikie. Kwa kikomo cha kawaida cha sehemu 500 kwa milioni, kurekebisha sekunde moja huchukua zaidi ya nusu saa. Huo ndio uungwana wa kazi hii.

Wakati wenyewe huulizwa kwa seva, yaani kompyuta ya mtandaoni inayotoa saa sahihi, kupitia NTP, itifaki (kanuni za mawasiliano) ya David Mills iliyochapishwa mwaka 1985. Kompyuta hupima muda wa safari ya ujumbe kwenda na kurudi na kuugawa kwa mbili, ikichukulia kwamba njia zote mbili zinalingana. Kwenye intaneti inayopokea haraka na kutuma polepole hazilingani, na nusu ya tofauti hiyo huingia kwenye saa kama kosa.

Basi, ndugu fundi, ukikuta kompyuta mbili zimepishana saa tatu kamili, usiguse saa. Hapo ni ukanda wa saa: ndani zote huenda zinahesabu UTC, wakati wa kimataifa, ila moja haijaambiwa kwamba Kenya iko mbele kwa saa tatu. Zikipishana dakika sita, washa huduma ya NTP kwenye zote mbili, zielekeze kwenye seva moja, na uiache ikiendelea kufanya kazi baada ya wewe kuondoka.