Pete iliyoangukia baharini haiendi mbali

Mtu akipoteza pete akiogelea, kwa kawaida huambiwa kuwa bahari imeshaichukua. Kwa kofia ni kweli. Kwa pete ya dhahabu mara nyingi si kweli, ndiyo maana sisi tunaotafuta vitu ufukweni kwa kitambua metali, yaani kifaa kinacholia kikipita juu ya metali, tunamsihi aliyepoteza asiondoke kabla ya kuweka alama nchi kavu, mkabala na pale alipokuwa amesimama.

Sababu ni uzito. Sentimita moja ya ujazo ya chembe ya mchanga wa kawaida ina takriban gramu 2.65, ya fedha 10.5, ya risasi 11.3, ya dhahabu safi 19.3. Wimbi linapovunjika hutibua mchanga ukawa kama uji kwa sekunde chache, na kila ukitibuka kitu kizito hushuka kidogo. Huendelea kushuka hadi kikute tabaka lisilotibuka, kama udongo mgumu, kokoto au mwamba, na hapo kinaweza kukaa miaka.

Aluminiamu, yenye gramu 2.7, inakaribiana na mchanga, kwa hiyo husafiri nao. Mawimbi yakipiga ufuko kwa mshazari, mchanga hupandishwa upande upande kisha hurudi moja kwa moja majini, na hivyo husogea kando siku baada ya siku. Mtafutaji mzoefu hukisoma kila anachookota. Akipata vipande vya makopo tu, huhama. Akianza kupata machubwi ya wavuvi, yaani vipande vya risasi vya kuzamishia nyuzi na nyavu, na sarafu, hupunguza mwendo, maana hapo ndipo bahari imeweka vizito vyake.

Kina nacho hubadilika. Dhoruba huzoa mchanga na kuulaza nje kidogo ya ufuko. Mawimbi matulivu huurudisha taratibu. Pete iliyofukiwa mita moja, ambayo kitambua metali cha kawaida hakiifikii, yaweza kubaki kiganja kimoja tu chini baada ya dhoruba. Julai 1715 tufani ilizamisha meli za Kihispania zilizojaa fedha na dhahabu karibu na pwani ya Florida, Marekani, na hadi zama zetu sarafu zake zimekuwa zikiokotwa ufukweni baada ya dhoruba.

Wakati bora wa kutafuta ni maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kupita kawaida, yanapokupwa, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Ila mchanga uliolowa maji ya chumvi hupitisha umeme, na kitambua metali cha masafa mamoja, yaani kinachotuma mawimbi ya kiwango kimoja tu cha mtetemo, hupiga kelele ovyo. Tumia cha masafa mengi au cha mapigo, yaani kinachotuma umeme kwa mapigo mafupi mafupi.

Kabla ya kuchimba, ulizia sheria ya ufuko huo, hasa kuhusu mambo ya kale. Epuka viota vya kasa. Fukia kila shimo. Ukikuta chuma chenye umbo la kombora, hata kikiwa kimeliwa na kutu, usikiguse wala usikigonge: weka alama kwa mbali, ondoa watu, piga simu polisi.