Kuchapa umbo si kuchapa kihisi

Nimeshachoka na sentensi hii: "Profesa, mchoro upo kwenye flashi, wewe nichapie tu." Anayeitamka safari hii ni fundi wa kiwanda cha mkonge, safari ijayo atakuwa mtu wa bandarini, na wote huamini kwamba printa ya 3D ikishajua umbo, kazi imekwisha.

Kwa kifuniko cha plastiki, sawa. PLA, plastiki ya kawaida ya printa hizi, inatoka puani mwa printa kwenye nyuzi joto 200 hivi, jioni unachukua chako. Nailoni ikaushe kwanza, maana kwa unyevu wa Tanga itatatarika na kukuachia mapovu. Basi.

Lakini wanachokitaka ni kihisi cha mtetemo cha kufunga kwenye beringi. Hapo nachanganya unga wa titaneti ya bariamu, kauri inayoweza kutoa umeme ikigongwa au kutikiswa, na gundi inayoganda kwa mwanga, nachapa tabaka juu ya tabaka, njia iliyotokana na ile ambayo Chuck Hull aliiombea hataza mwaka 1984. Kinachotoka ni kigumu, kina kila kona ya mchoro, na kimekufa. Ukikigonga hakitoi umeme wowote wa maana.

Gundi lazima iungue taratibu. Ukiharakisha joto, gesi inakosa pa kutokea na kipande kinapasuka. Kisha tanuri hadi nyuzi 1,300 hivi, chembe zishikane. Hapo kipande kinasinyaa, asilimia 15 hadi 20 kila upande si ajabu, na kimo hakisinyai sawa na upana. Kwa hiyo mchoro ninaouchapa umekosewa vipimo makusudi, na ule wa flashi haunifai ulivyo.

Na bado kimekufa! Chembe zimeelekea huku na huku, umeme wa moja unafuta wa nyingine. Napaka fedha nyuso mbili, nakizamisha kwenye mafuta ya moto, nakipa volti 1,000 hadi 3,000 kwa kila milimita ya unene, nakiacha kipoe umeme ukiwa haujakatwa. Sasa ndipo kinahisi. Kikipata joto la nyuzi 120 na ushee, kinasahau yote. Ndiyo maana nauliza beringi inapata moto kiasi gani kabla sijafungua faili la mtu.

Metali nazo zina ukorofi wake. Aloi ya nikeli na titani inayokumbuka umbo, ukiiyeyusha kwa leza, hupoteza nikeli kidogo kwa mvuke. Sehemu ya kumi ya asilimia moja inaweza kuhamisha joto lake la kubadilika, yaani lile linaloirudisha kwenye umbo lake, kwa nyuzi 10 hivi. Unga uleule, mashine ileile, umebadilisha mwendo wa leza tu, na tayari una metali nyingine mkononi.

Kwa kihisi cha umbo la kisahani cha kawaida, nasema wazi, unga ulioshindiliwa kwenye kalibu bado unaishinda printa yangu. Kuchapa kunalipa pale umbo lenyewe linapofanya kazi, kama wavu wa ndani unaopinda.

Kuna jambo linaloninyima raha. Vipande viwili vya trei moja, tanuri moja, kimoja kinatoa chaji nyingi kuliko mwenzake. Vitabu vinataja matundu na mishono ya tabaka. Nimevikata, nimeving'arisha, nimevitazama kwa hadubini: mara nyingine mishono mingi iko kwenye kile chenye nguvu. Maelezo ya vitabu hayaniridhishi, kwa hiyo napima kila kipande peke yake, na wastani wa trei siuandiki kwenye cheti cha mtu.