Mtoto Mwenye Usonji na Mkazo wa Usemi: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana inayosikika zaidi ni kwamba mtoto mwenye usonji (autism, hali inayoathiri mawasiliano) asiyeitikia msisitizo wa msemaji ana kasoro ya masikio. Kumpima masikio ni lazima, lakini wengi husikia vizuri, na baadhi yao hutambua kupanda na kushuka kwa sauti kuliko wenzao. Ugumu huanzia pale anapotakiwa kujua kwa nini msemaji amelikaza neno hili akaliacha lile. Katika kipimo kimoja cha Uingereza kilichotungwa na mtafiti Sue Peppé na mwenzake, mtoto husikia mtu akisema kuwa alitaka soksi za buluu na nyeusi, rangi moja ikiwa imekazwa, kisha huulizwa ni rangi gani iliyosahauliwa kununuliwa; jibu ni ile iliyokazwa. Kulisikia neno lililokazwa hakutoshi. Sharti akisie msemaji alitarajia nini.

Wengine hudai kwamba hakuna mtoto mwenye usonji anayeelewa mkazo. Si kweli: wapo wanaofanya sawa na wenzao, na kiwango cha lugha cha mtoto kina uzito wake. Isitoshe, sehemu kubwa ya tafiti hizi imefanywa kwa Kiingereza, ambacho hutegemea sana sauti kuonyesha msisitizo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho karibu katika kila neno (“barabara” yenye maana ya sawasawa ni mojawapo ya machache yanayokaidi), na msisitizo mara nyingi tunautia kwa sarufi: “Asha ndiye aliyemwaga maziwa.” Hapo “ndiye” inasikika waziwazi, wala haihitaji kukisiwa. Kwa maoni yangu, ni kosa kuyachukua matokeo ya Kiingereza na kumhukumia mtoto wa Mswahili.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba Kiswahili hakina mitego. “Umekula” na “Umekula?” hutenganishwa na kiimbo, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, peke yake. Mama aliyeinamia jiko, akiuliza bila kugeuka, huenda akajibiwa kwa kimya, kwa kuwa mtoto amedhani anaelezwa jambo analolijua tayari. Hapo ndipo wengi hupaza sauti, wakiamini kwamba kelele ni mkazo, na mtoto anayesumbuliwa na kelele huziba masikio. Mama angeanza na “Je, umekula?”, swali lingejulikana tangu neno la kwanza.