Voivoda wa Siberia hakuwa mpima ardhi

Nimetumiwa tena ile ramani ya Siberia ya mwaka 1667, na swali ni lile lile: hivi Warusi wa zamani hawakujua hata kaskazini iko wapi? Kusini iko juu, basi watu wanacheka. Al-Idrisi, mchora ramani Mwarabu, naye aliiweka kusini juu mwaka 1154, na nchi ya Zanj, pwani yetu hii ya Afrika Mashariki, imo humo, lakini sijasikia mtu akimwambia kapotea njia. Tuliache hilo.

Kinachonichosha hasa ni dhana iliyo nyuma ya swali: eti voivoda, yaani liwali wa Tsar, mfalme wa Urusi, alizunguka na vyombo vya kupimia, akakosea. Alizunguka wapi? Voivoda alikaa ngomeni miaka michache tu kabla ya kubadilishwa, na Moscow ilimdai kwanza yasaki, yaani kodi ya manyoya, hasa ya mnyama mdogo aitwaye sable. Pyotr Godunov, voivoda wa Tobolsk, alipoamriwa na Tsar Aleksei kutengeneza ramani, alikusanya ushahidi wa vinywa: watumishi wa ngome, Watatari, wafanyabiashara wa Bukhara, yeyote aliyewahi kufika mahali. Ramani ile ni maneno yao.

Ndiyo maana imejaa mito. Watu walikwenda kwa mashua, na mto ulipokoma waliiburuta nchi kavu hadi mto mwingine; hivyo ndivyo walivyovuka kutoka Ob hadi Yenisei, kisha Lena. Tawimto ndilo lililokuwa anwani: hapa kuna ngome, pale wanakaa watu fulani wanaotoa yasaki. Kuilaumu kwa kukosa latitudo ni kumlaumu mwenye duka kwa kuwa daftari lake la madeni halina picha za wadeni.

Na waliohesabiwa walijua wanahesabiwa kwa nini. Pyotr Golovin, voivoda wa kwanza wa Yakutsk, alipoagiza mifugo ya Wayakuti ihesabiwe, mwaka 1642 waliasi.

Tena mara nyingine liwali hakutaka njia ijulikane kabisa. Kurakin wa Tobolsk aliionya Moscow kuhusu njia ya bahari ya kwenda Mangazeya, mji wa biashara ya manyoya huko kaskazini: wageni wangeweza kuingia, na mali kupita bila ushuru. Kufikia 1619 njia hiyo ilikuwa imepigwa marufuku. Sasa nendeni mkapime usahihi wa ramani za watu hao!

Remezov, mchora ramani mwenyeji wa Tobolsk aliyemaliza atlasi yake mwaka 1701, alifanya kazi kubwa kuliko maliwali wote, na kusini bado aliiweka juu.

Lakini hata sisi tunaojidai wajuzi tuna letu. Ramani ya 1667 inaonyesha bahari wazi kwenye pembe ya kaskazini-mashariki ya Asia, na wengi husema habari za Dezhnev, msafiri wa Kirusi aliyeizunguka pembe hiyo mwaka 1648, zilikuwa zimefika Tobolsk. Mimi nasita. Taarifa zake zilikaa Yakutsk hadi mwanahistoria Müller alipozikuta mwaka 1736, na wachoraji wa zama hizo walipenda kuizungushia nchi bahari hata bila shahidi. Isitoshe, ramani ya asili imepotea. Tunategemea nakala, mojawapo ya Msweden Claes Prytz, aliyeazimwa ramani hiyo kwa saa chache aitazame tu. Akainakili kwa siri, mbiombio. Ukinionyesha ufuo wa kaskazini-mashariki kwenye nakala ya namna hiyo, nitakuuliza kwanza: ni wa Godunov, au wa Prytz?