Matokeo ya Uchaguzi Georgia: Yanayosemwa na Ukweli Wenyewe

Tangu mwaka 2020, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, halijaacha kuzungumzwa. Habari zake zimefika mpaka kwenye makundi yetu ya WhatsApp, na nyingi zimefika zikiwa zimepotoshwa. Inafaa zinyooshwe, kwa sababu kuna watu waliotishiwa maisha kwa ajili ya uvumi huo.

Dhana: Kuna tume ya taifa inayotangaza matokeo.

Aliyezoea kusubiri tume itangaze mshindi, kama ilivyo Kenya au Tanzania, ni rahisi kudhani hivyo. Ukweli ni kwamba Tume ya Shirikisho ya Uchaguzi ya Marekani inasimamia fedha za kampeni tu, haihesabu kura hata moja. Georgia ina kaunti 159, na kila kaunti huhesabu na kuidhinisha kura zake. Katibu wa Jimbo hujumlisha na kuidhinisha matokeo ya jimbo zima. Wanachotangaza wanahabari usiku ule ni makadirio yao, hayana nguvu ya kisheria.

Dhana: Mwaka 2020 Trump aliongoza usiku wa uchaguzi, baadaye akapitwa, basi kura ziliibwa.

Hili ndilo lililoleta madhara makubwa kuliko yote. Mwaka ule wa korona, watu takribani milioni 1.3 wa Georgia walipiga kura kwa posta, na wengi wao walikuwa wafuasi wa Democratic, chama cha mpinzani wake, Joe Biden. Wafuasi wengi wa Trump walikwenda vituoni wenyewe. Kura za posta huchukua muda: saini ihakikiwe, bahasha ifunguliwe, karatasi ipitishwe kwenye mashine. Kwa hiyo zilizochelewa kuingia kwenye hesabu zilimpendelea Biden, na jambo hilo lilitabiriwa kabla ya siku ya uchaguzi.

Kisha jimbo likahesabu upya kwa mkono kura zote za urais, karatasi kwa karatasi, takribani milioni 5. Makosa yalipatikana, na hayakufichwa. Katika kaunti ya Fayette kulikuwa na kadi ya kumbukumbu yenye kura 2,755 ambazo hazikuwa zimeingizwa, nyingi zikiwa za Trump. Floyd nako zilipatikana karatasi zaidi ya 2,000 ambazo hazikuwa zimepitishwa kwenye mashine. Zote ziliongezwa, pengo likapungua, lakini mshindi akabaki yuleyule. Timu ya Trump ikaomba hesabu nyingine, safari hii kwa mashine. Biden akabaki mbele kwa kura 11,779.

Waliosimamia yote haya, Gavana Brian Kemp na Katibu wa Jimbo Brad Raffensperger, ni watu wa Republican, chama cha Trump mwenyewe. Tarehe 2 Januari 2021 Trump alimpigia simu Raffensperger akimtaka amtafutie kura 11,780, yaani moja zaidi ya pengo lile. Raffensperger alikataa.

Na ile video ya Atlanta, mji mkuu wa jimbo, iliyosambazwa ikidaiwa kuonyesha "masanduku ya siri" ya kura? Masanduku hayo yalikuwa makasha ya kawaida ya kuhifadhia kura. Uchunguzi wa jimbo ulifungwa mwaka 2023 bila kupata wizi wowote. Mwaka huohuo baraza la mahakama (raia wanaoteuliwa kuamua kesi) mjini Washington liliamua Rudy Giuliani, aliyekuwa wakili wa Trump, awalipe wafanyakazi wawili wa uchaguzi aliowazulia wizi huo dola milioni 148.

Dhana: Anayeongoza Novemba ameshashinda.

Kwa urais, ndiyo: anayeongoza huchukua kura zote 16 za wajumbe wa Georgia, yaani wale wanaomchagua rais kwa niaba ya jimbo, hata kama hajafika nusu. Lakini kwa useneta na ugavana ni lazima avuke asilimia 50, la sivyo wawili wa juu wanarudi kwenye duru ya pili. Kwenye useneta, David Perdue wa Republican aliongoza Novemba 2020 kwa kura zaidi ya 88,000, akiwa na asilimia 49.7. Tarehe 5 Januari 2021 Jon Ossoff wa Democratic akamshinda. Siku hiyohiyo Raphael Warnock wa Democratic alimshinda Kelly Loeffler wa Republican, na udhibiti wa Seneti ya Marekani ukahamia mikononi mwa Democratic.

Dhana: Jimbo likishakwenda kwa chama fulani, basi ni la chama hicho.

Tazama karatasi ya kura ya Novemba 2022. Kwenye ugavana, Kemp wa Republican alimshinda Stacey Abrams kwa karibu kura 300,000. Kwenye useneta, karatasi hiyohiyo, Warnock wa Democratic alimtangulia Herschel Walker kwa takribani 37,000, kisha akashinda duru ya pili ya Desemba. Maana yake maelfu ya watu walichagua vyama viwili kwa mkupuo mmoja. Wapigakura wa Georgia hata hawajiandikishi kwa chama. Mwaka 2024 Trump alilichukua tena jimbo hilo kwa takribani kura 115,000.

Dhana: Wahamiaji wasio raia ndio wanaoamua matokeo.

Oktoba 2024 ofisi ya Raffensperger ilikagua daftari lenye wapigakura milioni 8.2. Wasio raia waliopatikana humo walikuwa 20. Clarkston, nje kidogo ya Atlanta, kuna familia nyingi za wakimbizi, wakiwemo Wakongo wanaozungumza Kiswahili. Mwenye kibali tu cha kuishi huko kwa kudumu haruhusiwi kupiga kura. Aliyekwisha kula kiapo cha uraia anaruhusiwa, mradi amejiandikisha kabla ya daftari kufungwa, takribani mwezi mmoja kabla ya siku ya uchaguzi.